Usinunue nyani kabla hujahesabu mbuzi

Mtoto wa kaka yangu alinitumia picha WhatsApp, huku Guangzhou, China, ikiwa usiku wa manane. "Shikamoo shangazi. Hii ya nyani inakwenda shilingi ngapi? Kuna jamaa Kariakoo ananiuzia laki moja, anasema ni adimu." Kwenye picha kulikuwa na sarafu ya yuan 10, pete ya njano, katikati nyeupe, nyani amechorwa kwa mtindo wa karatasi za kukatwa kwa mkasi, zile Wachina wanazobandika madirishani mwaka mpya ukikaribia.

Nikamjibu: marahaba, baba, shika hela yako kwanza. Halafu nikaona maelezo yote hayaenei kwenye simu, ndiyo haya.

Mimi ni wakala wa mizigo. Kazi yangu ni kupakia makontena ya watu, sarafu ni ugonjwa niliouokota njiani. Wachina kila mwaka wanaupa mnyama wake, wanyama 12 kwa zamu, na benki kuu yao hutoa sarafu ya mnyama huyo. Nilianza na sarafu ya mbuzi ya 2015 niliyopewa na mama mwenye nyumba kama zawadi ya mwaka mpya. Mnyama huyo wengine wanamwita kondoo. Neno la Kichina ni yang na linawabeba wote wawili, kwa hiyo msigombane. Mwaka uliofuata nikaingia kichwa kichwa na nikaumia. Nitaanza na jeraha hilo, maana ndilo lililonifundisha kusoma idadi.

Januari 2016 sarafu ya nyani ilikuwa inatoka. Bei ya mbuzi sokoni ilikuwa imeshapanda vizuri juu ya yuan 10 zilizoandikwa usoni mwake, na mimi nilikuwa nimebaki na mmoja tu, nikijilaumu. Rafiki yangu mmoja Mchina, tunayefanya naye kazi bandarini, nikamuuliza kuhusu nyani. Akasema, taratibu, usikimbilie, "wu yi". Kichina changu ni cha sokoni. Wu ni tano, yi ni moja, na "Wu Yi" ndivyo wanavyoiita sikukuu ya Mei Mosi. Nikaelewa kwamba nyingine zitatoka Mei Mosi, kwa hiyo mpaka hapo kutakuwa na uhaba. Nikakimbia kwa mlanguzi na kununua nyani 200 kwa yuan 18 kila mmoja.

Alichosema rafiki yangu kilikuwa wu yi yenye sauti ya kushuka mwishoni. Yi hiyo ni milioni mia. Alikuwa ananiambia zimepigwa milioni 500.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya jina la mnyama, kabla ya bei, soma kipimo cha idadi. Wachina hesabu kubwa hawazipangi kwa elfu na milioni kama sisi. Wana wan, ambayo ni elfu kumi, na yi, ambayo ni milioni mia. Tangazo la benki kuu yao, Benki ya Watu wa China, kwa sarafu ya mbuzi linaandika 8000 na herufi ya wan: elfu nane mara elfu kumi, yaani milioni 80. La nyani linaandika 5 na herufi ya yi. Mgeni akiziona hizo mbili pamoja, 8000 na 5, atadhani nyani ndiye adimu. Nimeshawaona watu wazima, wafanyabiashara wa miaka mingi, wakidhani hivyo. Nenda kajifunze herufi hizo mbili tu, 万 na 亿, ziandike hata kwenye kiganja. Kichina kingine chote mtafsiri wa simu atakusaidia.

Ukishajua idadi, usiitazame peke yake. Milioni 80 ni nyingi au chache? Kwa nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ni kama sarafu moja kwa kila watu 17 au 18. Milioni 500 ni moja kwa kila watu watatu, yaani baba, mama na mtoto wakiketi mezani, nyani yupo. Lakini hesabu yenye faida zaidi ni kuzilinganisha sarafu zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu watu wanakusanya wanyama 12. Mzunguko huu wa yuan 10 ulianza na mbuzi 2015 na mwisho wake ni farasi wa 2026. Baada ya nyani akaja jogoo wa 2017, naye milioni 500. Mbwa wa 2018 wakashusha hadi milioni 350, nguruwe wa 2019 na panya wa 2020 milioni 250 kila mmoja, kisha ng'ombe, chui milia, sungura na joka, 2021 hadi 2024, milioni 120 kila mwaka. Nyoka wa 2025 ni milioni 100.

Sasa fikiri kama mpishi anayepika pilau ya watu wengi huku ana viazi vingi na nyama kidogo. Idadi ya sahani inaamuliwa na nyama. Seti kamili ya wanyama 12 haiwezi kuzidi milioni 80, hata nyani wangekuwa bilioni, kwa sababu mbuzi wameishia hapo. Kwa kila mbuzi mmoja kuna nyani sita na zaidi, na wote hao wanamtafuta mbuzi huyo huyo mmoja. Ndiyo maana mbuzi ndiye anayesumbua mifuko ya watu leo. Kila mwenye pengo kwenye kisanduku chake, pengo la kwanza ni hilo.

Mzunguko uliotangulia ulikuwa wa sarafu za yuan 1, za rangi moja ya njano, kuanzia mbuzi wa 2003 hadi farasi wa 2014. Mbuzi yule alikuwa milioni 10. Joka la 2012 lilikuwa milioni 80, farasi milioni 100. Fanya hesabu ile ile ya nyama na viazi: farasi milioni 90 hawatampata mbuzi wa kukaa naye kwenye seti, hata watu wote wakiwa waungwana. Ukiona mtu anakuuzia farasi wa 2014 kwa bei inayokaribia ya mbuzi wa 2003, mwache aendelee na safari yake.

Ujanja wangu ni huu: sinunui sarafu ya mwaka huu kwa mlanguzi wiki inapotoka. Sarafu hizi raia huziweka miadi kupitia benki kwa kitambulisho, kila mtu na kiwango chake, halafu huenda dirishani kubadilisha yuan 10 kwa yuan 10. Siku hizo za kwanza idadi yote bado haijafika mitaani na kila mtu ana joto la mwaka mpya. Bei ya siku hizo ni bei ya joto. Mimi sina kitambulisho cha China, kwa hiyo husubiri hadi miezi ya jua kali, wakati waliochukua zaidi ya wanachohitaji wameanza kuchoka nazo.

Kwenye sarafu za fedha na dhahabu mambo hugeuka kidogo. Hapo tangazo lina neno zuida, yaani "kubwa kabisa". Idadi inayotajwa ni dari: wanaweza kupiga hadi hapo, wasivuke. Haimaanishi zote zimepigwa, wala kwamba zilizopigwa zote bado zipo. Fedha na dhahabu zikipanda bei, kuna wanaopeleka sarafu kwa sonara zikayeyushwa. Kwa hiyo idadi ya kwenye cheti inakuambia mwisho wa juu tu.

Mfululizo huu wa madini ya thamani ulianza 1981, mwaka wa jogoo, wakati dunia nzima ilikuwa haijazoea kununua sarafu kutoka China, na dhahabu ya mwaka ule ya gramu 8 ilipigwa takriban 5,000. Ninazozipenda mimi ni za umbo la kipepeo cha mkono, kile cha kujipepea wakati wa joto, zilizoanza na joka la 2000. Ya fedha, wakia moja, ilikuwa 66,000, ya dhahabu nusu wakia 6,600. Sita kwa Wachina ni namba ya mambo kwenda laini, nadhani umeona mkono wa nani ulipanga hapo. Uzuri wa vipepeo ni kwamba ukipata cha joka na cha nyoka unajua unaingia kwenye familia yenye idadi moja, huwindi mbuzi aliyejificha.

Lakini uchache peke yake haulishi mtu. Kuna sarafu za dhahabu za kilo 10, joka la 2012 zikiwa 18 tu. Adimu kupita kiasi, ndiyo. Sasa mwambie nani Kariakoo akununulie kilo 10 za dhahabu jioni ukiwa na shida ya ada. Sarafu inayouzika haraka ni ile ambayo watu wengi wana kumi na moja na wanatafuta ya kumi na mbili.

Uchache pia unawaita waghushi. Ni wachache watakaohangaika kughushi nyani milioni 500. Vipepeo vya fedha, hao wapo. Nina mzani mdogo wa kupimia vito kwenye mkoba, na wakia moja ni gramu 31.1. Siku moja niliweka kipepeo cha kuvutia kabisa, na sanduku lake jekundu na cheti chenye namba, mzani ukasoma 26 na ushee. Muuzaji akatazama mzani, akanitazama mimi, akakirudisha kwenye sanduku taratibu kama anayemlaza mtoto. Hatukusemeshana.

Na usichanganye sarafu na medali. Vioski vya uwanja wa ndege vimejaa vitu vya duara vyenye joka na maandishi ya dhahabu, na idadi imeandikwa ndogo ya kutisha, 999 au 2,000. Tafuta thamani ya yuan na mwaka. Kwenye za yuan 10 utaona pia jina la Benki ya Watu wa China. Bila thamani ya yuan, hiyo ni medali, si sarafu, hata idadi iwe ndogo vipi.

Faida moja ya hizi za yuan 10 ni kwamba haziwezi kukuangusha chini ya yuan 10, kwa kuwa ni pesa halali sawa na noti. Mimi nimewahi kulipia tambi kwa nyani wanne. Mama wa mgahawa alizigeuza geuza, akamwita mumewe kutoka jikoni, wakajadiliana, wakapokea. Wengine nilimuuzia mlanguzi mwingine kwa yuan 12. Zile 6 nilizopoteza kwa kila mmoja nimeziandika kwenye daftari, ukurasa wa Kichina nilichojifunza.

Basi mtoto wa kaka akarudi kwa yule jamaa. Nilimwambia aulize mambo matatu: ngapi zilipigwa, mnyama gani kwenye mzunguko ana idadi ndogo, na je, anaye huyo mwenye idadi ndogo. Jamaa alijibu la kwanza "chache sana", la pili akakohoa. Bei ikateremka kutoka laki hadi elfu kumi na tano, halafu elfu nane, na kijana akanunua.

"Mbona umenunua tena?" nikamuuliza.

"Shangazi, mimi si wa 1992? Wameniambia huo ni mwaka wa nyani. Nilitaka tu mnyama wangu."

Angesema mapema. Shangazi yake bado ana nyani 140 kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda.