Kenge wa savana: acha panya, anza na udongo

Juzi mtoto wa dada yangu hapa Ohio kanipigia, "anko, kenge wangu analala tu, na hata panya hataki." Mimi nilimfuga mmoja miaka minne, na makosa yake yote nayajua kwa sababu niliyafanya mwenyewe. Ngoja niyaandike mara moja.

Kwanza huyu sio kenge wa maji wa kwetu, yule anayefukua mayai ya mamba. Huyu ni wa Afrika Magharibi, madukani wengi wanatokea Ghana, Togo na Benin. (Mlioko Tanzania na Kenya msimkamate wa porini, bila kibali ni kesi.)

Hatua 1: chakula
Toa panya. Sisi tuliokulia kijijini tunamjua kenge kama mwizi wa vifaranga, kwa hiyo ukiambiwa dukani mpe panya unaona sawa tu. Kumbe huyu porini anakula nyenje, jongoo, mbawakawa, nge, konokono, mnyama mwenye manyoya kwake ni bahati nasibu. Panya kila siku anamnenepesha mpaka tumbo linaburuzika. Mpe mende wa kufugwa na nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu, na konokono wa kufugwa, sio wa bustanini, wale wanaweza kuwa wamekula sumu. Nyama ya kusaga na chakula cha mbwa sahau.

Hatua 2: joto
Taa mbili au tatu za halojeni karibu karibu, pale anapoota jua pafike nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, upande wa baridi 25 hivi. Pima na kipimajoto cha infraredi, vile vya kubandika ukutani ni mapambo. Jiwe la umeme la kumpashia joto tupa.

Hatua 3: udongo
Hapa ndo nililia. Anahitaji kina cha sentimita 60 angalau, achimbe shimo alale kwenye unyevu. Akikosa, hewa ya ndani hasa msimu wa hita inamkausha taratibu, figo zinachoka, mwisho jongo (ugonjwa wa gauti), na wewe unadhani kagoma kula. Mara ya kwanza niliweka nyuzi za nazi tupu, shimo likabomoka kila akichimba. Mara ya pili nikamwaga maji kama namwagilia mchicha, chini kukaoza, chumba kikanuka wiki mbili. Kilichokubali ni udongo wa shamba usio na mbolea, nikachanganya na mchanga, kama ndoo tatu kwa mbili. Finya konzi moja: ishikane isidondoshe maji, halafu toboa kwa kidole, tundu likibomoka ongeza udongo. Jaza kidogo kidogo huku unashindilia kwa mguu. Na usijenge ghorofani! Boksi la mita 2.4 kwa 1.2 likijaa linapita tani mbili, mimi nilishajaza nusu ndo nikasikia mbao za sakafu zinalia, nikahamishia beizimenti kwa ndoo, siku nzima. Juu funika kwa mbao, wavu unatoa unyevu wote.

Hatua 4: maji
Beseni analoenea. Badilisha, atakunya humo.

Dogo akamjazia udongo hivyo hivyo. Siku ya tatu kanipigia tena, anahema, "anko, kenge katoroka." Nikamwambia angalia pembeni ya kioo cha boksi, chini kabisa kwenye udongo. Kimya kidogo, halafu, "naona mkia."