Lenzi moja ya safari: ichague kabla hujapanda boti

Mara ya kwanza kwenda kupiga picha Zanzibar nilibeba lenzi moja tu, 70-300, nikajiona mjanja. (Namba hizo ni milimita za lenzi: ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta vya mbali.) Vichochoro vya Mji Mkongwe vikanitia adabu. Kila nikitaka mlango wa nakshi uingie wote, narudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta wa pili, na bado naambulia kitasa. Nilirejea Dar na picha nyingi nzuri za kunguru.

Hatua ya 1: Kagua picha zako za zamani

Usianzie dukani. Chukua picha 100 unazozipenda mwenyewe. Kamera huandika ndani ya kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. Ifungue kwenye kompyuta usome maelezo yake. Hesabu ngapi ziko chini ya 35, ngapi kati ya 35 na 70, ngapi zaidi ya hapo. Nilipohesabu zangu, nyingi zilikuwa chini ya 50. Kumbe mimi ni mtu wa sokoni na vibarazani, na hela yangu nilikuwa naimalizia kwenye lenzi za kupigia ndege walio mbali! Watu wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haina raha ya kununua.

Hatua ya 2: Ijue sensa yako

Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Ile kubwa ina milimita 36 kwa 24. Kama yako ni ile ndogo iliyo kwenye kamera nyingi za bei nafuu, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon, ujue itaona kama lenzi ya ngapi kwenye sensa kubwa. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kijana ana Canon ya sensa ndogo, anasikia 24-105 ndiyo ya wakubwa, anajinyima mpaka anaipata. Kwenye kamera yake, hiyo 24 inaona kama 38. Mlango wa Mji Mkongwe umeshamshinda kabla hajapanda boti.

Kwa sensa ndogo, mimi nasema 18-135 au 18-140. Kwa sensa kubwa, 24-105 ya f/4 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Zile 18-300 zinavutia kwa maneno, ila ukivuta hadi mwisho picha haitoki kali na mwanga unaoingia ni kidogo.

Hatua ya 3: Fikiria mwanga

Nenda soko la samaki Feri alfajiri. f/4 inaingiza nusu ya mwanga wa f/2.8, kwa hiyo utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au zaidi. Kizuia mtikisiko kitatuliza mkono wako, lakini hakimtulizi mchuuzi anayekimbia na ndoo kichwani. Ukipenda sana picha za gizani, ongeza 50 ya f/1.8: ni ndogo, nyepesi, na si ghali.

Hatua ya 4: Pima uzito kwa miguu

Canon 18-135 ya USM (jina la mota yake) ina gramu 515. 24-105 ya f/4 toleo la pili, 795. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Basi tia pakiti ya sukari ya kilo moja begani, utembee kutoka Posta hadi Kariakoo saa saba mchana. Utajua mwenyewe.

Hatua ya 5: Ukinunua ya mtumba

Nenda na kamera yako. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, uchungulie kwa mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Hewa yetu ya pwani inaipenda sana. Muuzaji akisema, "Kaka, hii imetoka Ulaya juzi," mwitikie vizuri, endelea na tochi. Kisha ielekeze chini: mrija ukishuka wenyewe, imelegea. Mwisho piga bango lenye maandishi, kwanza kwa milimita za chini, halafu za juu, ukuze pembe za picha uone kama herufi zinasomeka.

Hatua ya 6: Itunze

Nyumbani iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda juani, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto taratibu. Ukiitoa ghafla kioo kitafunikwa na ukungu wa mvuke, na ukianza kuifuta kwa pindo la shati utaongeza mikwaruzo.