Pesti ya kulehemu: kununua iliyo hai na kuitumia salama nyumbani

Wakuu, kama umeanza kutengeneza bodi zako mwenyewe za elektroniki zenye vile vipande vidogo vya saizi ya 0805 na 0603 vinavyolehemiwa juu ya bodi, utafika mahali waya wa kulehemu na pasi yake vinakuchosha, na hapo ndo wengi wanahamia kwenye pesti, yaani uji mzito wa chembe za metali ya kulehemu zilizochanganywa na flaksi (kemikali inayosafisha metali ili ishike). Unapaka, unapanga vipande, unapasha moto, vyote vinashika kwa mkupuo mmoja. Ila ni kitu kinachoharibika kama maziwa, na nyingi zinazouzwa mtaani zina risasi (lead, metali yenye sumu) ndani, kwa hiyo usinunue kiholela na usiiache ovyo mezani.

Tuanze dukani. Ukienda Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, ukasema tu "nipe pesti" unaweza kupewa flaksi, ile ya njano ya mafundi simu, nayo haina metali ndani, hailehemu kitu peke yake. Unayoitaka ni ya kijivu na ni nzito, kikopo chake ukikishika unasikia uzito usiolingana na udogo wake. Afu soma lebo. Ikiandikwa Sn63Pb37 maana yake bati asilimia 63 na risasi 37, inayeyuka nyuzi 183 za Selsiasi, hii ndo rahisi kufanyia kazi. Sn42Bi58 ni bati na bismathi, haina risasi, inayeyuka nyuzi 138 tu. SAC305 nayo haina risasi, ina bati, silva na shaba kidogo, ila inaanza kuyeyuka kwenye 217 na inataka vifaa vinavyodhibiti joto vizuri.

Ushauri wangu kwa anayefanyia nyumbani kwenye watoto: anza na ile ya bismathi. Ubaya wake ni kwamba inavunjika kirahisi, kwa hiyo soketi ya USB inayochomekwa na kuchomolewa kila siku usiitegemeze hapo. Na usiichanganye na risasi kabisa, kama bodi ilishalehemiwa kwa risasi safisha kwanza, kwa sababu bati, risasi na bismathi zikikutana zinaweza kutoa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi, yaani hata maji hayajachemka, sasa kifaa kikipata moto kidogo tu viungo vinaachia.

Utakuta pia T3, T4 au T5, hiyo ni saizi ya chembe, namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo zaidi. T4 inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Chukua sirinji ndogo badala ya kopo, kopo kila ukilifungua hewa inaingia na flaksi inakauka, sirinji unakamua kidogo unafunga.

Tarehe ni jambo kubwa sana jamani. Pesti nyingi zinahesabiwa miezi 6 hivi zikikaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 10, sasa fikiria iliyokaa kwenye shelfu la duka lisilo na kiyoyozi, Dar, mwezi wa pili. Zipo zilizotengenezwa kuvumilia joto la kawaida la chumbani na lebo itasema hivyo, kwa mazingira yetu na umeme unaokatika hizo zinafaa zaidi hata kama bei imechangamka. Isiyo na tarehe kabisa iache. Ukishindwa kuamua, nunua moja ndogo uijaribu: weka tone kama punje ya mtama kwenye kipande cha shaba kilichosafishwa, pasha moto. Nzima inakusanyika inakuwa tone moja linalong'aa na kutandaa kwenye shaba (ya bismathi na SAC zinafifia kidogo, usishtuke), iliyokufa inabaki na chembechembe za kijivu au inamwaga vijipira vidogo vingi pembeni. Hivyo vijipira kwenye bodi ndo vinaleta shoti.

Ya kuhifadhi kwenye ubaridi isiguse friji ya chakula. Kama friji ni moja tu nyumbani, nunua ile inayokaa nje, basi. Mwenye friji ya kazi aiweke sirinji wima mdomo ukiangalia chini, asiigandishe, na siku ya kazi aitoe aiache ikiwa imefungwa mpaka ubaridi uishe wenyewe, saa kadhaa, maana ukiifungua ya baridi unyevu wa hewa unaingia na ukipasha moto inarukaruka.

Kupaka ni kidogo kuliko unavyodhani. Pasha bodi taratibu kwanza, nyuzi 100 hadi 150 (ya bismathi baki chini ya 138 inapoyeyukia) kwa dakika moja na ushee ili flaksi ifanye kazi, ndo upandishe hadi nyuzi 20 mpaka 40 juu ya kiwango cha kuyeyuka, ukiona imeng'aa toa. Kikaango au oveni ukishavitumia kwa kazi hii havirudi tena jikoni, hata uvisugue vipi.

Sasa risasi yenyewe. Watu wanaogopa moshi, lakini moshi ule unaouona ni wa flaksi, nao ni mbaya kwa kifua na unaweza kukuletea pumu, kwa hiyo fungua dirisha na weka feni inayouvuta utoke nje, usiuelekeze usoni. Risasi inaingilia mikononi. Umegusa pesti, umeshika simu, umeshika chapati, imeshaingia tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hamna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndo wanaumia zaidi kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Vaa glavu za nitrili, usile wala kunywa mezani pa kazi, ikikugusa futa kwanza kwa karatasi ndo unawe kwa sabuni, na nguo ya kazi ivuliwe kabla hujambeba mtoto. Mama mjamzito asiwepo kabisa.

Meza ifute kwa kitambaa chenye maji, usifagie kikavu. Karatasi, glavu na sindano zilizotumika weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, andika juu RISASI, lifungie mbali na watoto mpaka upate wanaokusanya taka za elektroniki. Usizichome moto na usisuuze kitu kwenye sinki la vyombo.