Gypsy kuukuu na mchanga wa Malindi: anza chini, malizia juu

Wengi wanaonitumia ujumbe kuhusu gari la mchangani huanza na swali moja: niinue inchi ngapi? Jibu langu huwaudhi. Kuinua ni kazi ya mwisho, na wapo ambao wakimaliza zile za mwanzo huona hawaihitaji tena. Kwa hiyo somo hili nimelipanga kwa utaratibu wa kutoa pesa mfukoni: kinacholiokoa gari kwanza, kinacholipamba baadaye.

Gari ninalolizungumzia ni Maruti Gypsy, ile Suzuki SJ410 ndefu iliyoanza kuundwa India mwaka 1985 ikiwa na injini ya sisi (cc) 970, kisha miaka ya tisini ikapewa ya lita 1.3. Mwenye Samurai, Sierra au Land Rover ya Series III anaweza kufuata vilevile, kwani yote yana chesi kamili, ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Mwenye Prado aruke sehemu ya springi.

Hatua ya kwanza: chumvi

Gari lililokaa Malindi miaka kumi na lililokaa Nakuru miaka kumi si gari moja, hata kama yalitoka kiwandani siku moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa mvungu ni mvungu kweli. Osha chini kwa maji matamu mpaka tope lote lililojificha ndani ya chesi limwagike, liache likauke, kisha ingia na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu.

Gonga chesi kila kiganja kimoja, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa mlio mfu, na mara nyingi ganda la kutu huanguka usoni, kwa hiyo vaa miwani. Mahali penye mlio mfu sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, hapo pana kazi. Angalia zaidi pale springi za nyuma zinaposhikia na pale bodi inapokalia chesi, maana ndipo mchanga wenye chumvi unapotulia.

Welda wengi watakuambia wabandike bamba juu ya tundu. Kataa. Kutu inaendelea kula chini ya bamba na baada ya masika mbili unarudi pale pale. Mwambie akate mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa, ndipo aunge kipande kipya cha unene uleule. Na kabla hajawasha mashine, toa nyaya za betri.

Kuhusu kupaka oili chafu chini ya gari: najua ndiyo desturi yetu, lakini inaharibu bushi za mpira na inadondoka kila unapoegesha. Tumia nta ya kupuliza ndani ya chesi kupitia matundu yaliyopo. Inakaa zaidi.

Hatua ya pili: kinachocheza

Ekseli ya mbele ya Gypsy ina ugonjwa wake. Ukipiga shimo kwa mwendo wa kati, usukani unatetemeka kama unataka kung'oka mkononi. Watu hukimbilia kubadilisha tairi au kununua shoki ya usukani, ilhali mara nyingi tatizo ni beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia juu yake unapokata kona.

Pima hivi. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwite mtu akanyage breki huku wewe ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukiisha breki inapokanyagwa, kasoro iko kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Kipimo hiki hakikugharimu shilingi, na kitakuepusha na fundi wa kubahatisha.

Ukiwa hapo, fungua habu za mbele, zile zenye maandishi LOCK (gurudumu limeungwa na ekseli) na FREE (limeachiwa). Nyingi zimeganda kwa sababu mwenyewe hajawahi kuzizungusha tangu alinunue gari. Safisha, tia grisi mpya kidogo tu, rudisha. Kuna watu wanalalamika kwamba gari halivuti mbele kumbe habu ziko FREE.

Hatua ya tatu: tairi na upepo

Hapa ndipo mchanga unapoamuliwa. Gypsy tupu ina uzito wa karibu tani moja, na wepesi huo ndio mtaji wake. Barabarani mimi hutia upepo wa 26 hadi 28 kwa kipimo cha psi. Nikiacha lami kuingia njia za mchanga upande wa Mambrui na Gongoni, natoa mpaka 15 au 16, na gari likizama nashusha hadi 12. Tairi iliyopunguzwa upepo inarefuka pale inapogusa ardhi, ikatandaza uzito kama unyayo wa ngamia, na injini ndogo inapumua. Usizidishe kilomita 30 kwa saa, usikate kona kwa ghafla (tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu), na usikanyage breki kwa nguvu: simama kwa kuachilia mafuta, la sivyo unajijengea tuta mbele ya kila gurudumu. Beba pampu ya kuunga kwenye betri, kwa sababu ukirudi lami na upepo wa 15 tairi inachemka na kupasuka.

Lakini nje ya mchanga, usishushe hivyo. Huku Gede, Watamu na pembeni mwa Mida ardhi ni mawe ya matumbawe, makali kama yamenolewa, na tairi iliyolegea inatokeza ubavu wake nje yakaupasua. Ubavu hauzibwi na fundi wa panja yeyote. Na udongo mweusi wa upande wa Garsen na Witu, mvua ikinyesha, hautaki tairi laini bali meno marefu yenye nafasi ya kutema tope.

Ukubwa: kama gari lako lina 205/70R15, basi 215/75R15 itaongeza karibu milimita 18 chini ya difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) na kwa kawaida haihitaji kuinua chochote. 235/75R15 inaongeza milimita 33 hivi, ila itagusa matao ya magurudumu ukikata usukani, na spidomita itakudanganya kwa karibu asilimia 10: ikisoma 80 unakwenda 88. Mimi ningebaki na 215. Injini ya sisi 970 kusukuma tairi kubwa ni adhabu, na klachi ndiyo inayolipa.

Hatua ya nne: difu ipumue

Juu ya kila ekseli kuna kitundu cha kupumulia chenye kifuniko kidogo. Difu ikitoka barabarani ni ya moto. Ukiingia kijito cha msimu huko Marafa au Baricho, inapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunyata, na kama kitundu kimeziba au kiko chini ya maji, difu inafyonza maji kupitia sili. Ondoa kifuniko, unga paipu ya mpira inayostahimili oili, ipandishe mpaka ndani ya boneti kwa ekseli ya mbele, na nyuma ya taa kwa ekseli ya nyuma, ukiiacha na ulegevu wa kutosha maana ekseli hupanda na kushuka. Mwisho wake weka kichujio kidogo cha petroli ili vumbi lisiingie. Hii ni kazi ya asubuhi moja.

Nazungumzia vijito. Mto Sabaki si kijito, una mamba na viboko, na una daraja.

Hatua ya tano: mahali pa kufungia kamba ya kuvutia gari

Ndoano iliyochomelewa kwenye bampa si mahali pa kufungia kamba. Kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela nacho ni hatari zaidi: kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu katika nchi mbalimbali. Unachotaka ni kipande cha chuma kinene kilichofungwa kwenye chesi kwa bolti zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani, mbili kila upande, na shekeli ya kuvutia (pingu ya chuma yenye pini) iliyoandikwa uzito inaoubeba. Ya unene wa milimita 16 yenye alama 3.25T inaitosha Gypsy.

Kamba ndiyo inayowachanganya watu wa pwani. Ile ya wavuvi inayoelea majini ni ya polipropilini. Hainyumbuki sana na jua linaila. Tafuta ya nailoni, inayozama. Nailoni hunyumbuka, hivyo gari linavutwa taratibu badala ya kupigwa mshtuko. Katikati ya kamba tupia koti au gunia zito ili ikikatika isiruke, na watoto wa kijiji wakae mbali, wakipinga au wasipinge.

Beba pia ubao mpana wa kuweka chini ya jeki. Bila huo jeki itazama na gari litabaki lilipo. Makuti chini ya tairi yanasaidia, lakini hayabebi jeki.

Hatua ya sita: kuinua, ukitaka bado

Njia rahisi ni shekeli ndefu za springi, yaani vile vipande vinavyounga ncha ya springi na chesi, si zile za kuvutia. Jua kwamba ukirefusha shekeli kwa sentimita 5, gari linapanda 2.5 tu. Halafu kwenye Gypsy shekeli ya mbele iko upande wa mbele wa springi, kwa hiyo ukiirefusha ekseli inainama mbele, kasta (mlalo wa kingipini kuelekea nyuma) inapungua, na usukani unakataa kurudi wenyewe baada ya kona. Kwa mbele afadhali springi mpya zilizopindwa zaidi. Sentimita 5 zinatosha.

Fungua upande mmoja kwa wakati, chesi ikiwa juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake. Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi usizikaze gari likiwa hewani: zishike kwa mkono, teremsha gari likae kwa miguu yake, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza juu, mpira unajisokota moja kwa moja na utapasuka mapema. Baada ya kilomita mia chache kaza yubolti tena.

Kisha inua chesi mpaka magurudumu yaning'inie na uangalie paipu za mpira za breki. Zikiwa zimekakamaa, nunua ndefu kabla hujaliendesha gari hata mita moja. Ile kazi ya kuhamishia springi juu ya ekseli inainua kama sentimita 13, lakini inadai usukani mpya, propela na breki za kupangwa upya. Si kazi ya uani.

Ukibadilisha injini au bodi, logibuku lazima ibadilike. Mabadiliko mengine mwambie mwenye bima kabla ya ajali, si baada.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mambrui: Salaam fundi. Sina geji. Nitajuaje nimefika 15?*

Aleikum salaam kaka. Geji nunua, ni kitu kidogo. Kwa leo, pima kwa rula kutoka ardhini hadi ukingo wa rimu kabla ya kutoa upepo. Toa mpaka urefu huo upungue kwa robo. Si hesabu kamili lakini itakuvusha.

*Mwanachama wa Lamu: Ami, sisi kisiwani tuna punda, gari langu hukaa Mokowe wiki nyingi. Kila nikivuka nakuta breki zimeshika. Nifanyeje?*

Ami, usivute handibreki unapoliacha. Viatu vya breki vinashikana na ngoma kwa kutu ya hewa ya bahari. Liache kwenye gia, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, toa waya wa hasi wa betri. Ukirudi, fungua ngoma mara moja usafishe, maana kutu ya zamani haitaondoka yenyewe.

*Mwanachama wa Malindi mjini: Kaka, niliambiwa winchi ndiyo kila kitu. Hujaitaja kabisa.*

Dada, winchi ya umeme ikivuta kwa nguvu zake zote hula mamia ya ampea, na alternata ya Gypsy haiwezi hata robo ya hizo. Utaua betri porini. Tena inalemea pua ya gari jepesi, na mchangani hakuna mti wa kuifungia. Nenda na gari la pili na kamba ya nailoni.

*Huyo huyo: Na ufukweni je? Mume wangu anapenda sana kupita pale maji yanapokupwa.*

Mpe salamu shemeji, kisha mkataze. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe zetu na tairi inayafukia au kuyaponda. Gari nalo linakunywa maji ya chumvi kila mahali tulipokwisha kupasafisha katika hatua ya kwanza. Ndani ya Tsavo ni vilevile, hairuhusiwi kuacha njia. Njia za mchanga za vijijini zinatosha kabisa.

*Mwanachama wa Gongoni: Nilivuka kijito wiki iliyopita, kitundu cha difu sijakigusa. Nitajuaje kama maji yameingia?*

Lipumzishe gari usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, legeza nati ya chini ya difu polepole, weka kikopo. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Kama uliliendesha tangu siku ile, oili itakuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiikuta hivyo mwaga yote, tia oili ya bei nafuu, endesha kilomita chache uioshe, mwaga tena, ndipo utie nzuri. Fanya difu zote mbili, na giaboksi ndogo ya katikati pia ikague.