Kusafisha miksi ya kwaya kwa ikwalaiza: punguza kabla ya kuongeza

Juzi mwalimu wa kwaya aliniletea flashi yenye nyimbo walizorekodi ukumbini. "Kaka, sauti ya tatu haisikiki, na trebo nimeshaipandisha mpaka mwisho." Tulikaa tangu saa nane mchana hadi magharibi, na karibu kazi yote ilikuwa kupunguza. Naziandika hatua hizo kwa sababu inaniuma kusikia kwaya iliyofanya mazoezi miezi kadhaa ikifunikwa na miksi mbaya.

Natumia Reaper (programu ya kurekodi na kuchanganya sauti) na ikwalaiza yake ya ReaEQ, yaani kifaa cha kupandisha au kupunguza sehemu fulani tu ya sauti. Yoyote inayokuruhusu kuchagua masafa (sauti nzito au nyembamba, hupimwa kwa hezi), upana na kiwango (hupimwa kwa desibeli) inafaa. Zile zenye safu ya vitelezi siziweki kwenye sauti za watu, maana unapopataka mara nyingi panaangukia katikati ya vitelezi viwili. Mipangilio iliyoandaliwa tayari iache kabisa. Aliyeitengeneza hajausikia ukumbi wenu.

Hatua ya 1. Sawazisha viwango vya kila traki (sauti au ala moja iliyorekodiwa peke yake) kwanza, bila ikwalaiza.

Hatua ya 2. Kata sehemu ya chini isiyo na muziki. Sauti ya kwanza na ya pili nazikata chini ya hezi 120, ya tatu na ya nne chini ya 70. Gita la besi liache. Uzi wake mnene unaanzia hezi 41. Ukisikia mvumo wa umeme, utafute kwenye hezi 50 na 100, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Upunguze kwa bendi (eneo la masafa unalorekebisha) nyembamba sana.

Hatua ya 3. Ondoa tope, yaani mvumo mzito unaozifunika sauti. Hapa niliwahi kupoteza usiku mzima, kwa hiyo twende taratibu.

Tope hujikusanya kati ya hezi 200 na 400. Hapo wanakutana wanaume, mkono wa kushoto wa kinanda na gita la besi, huku kuta za zege zikirudisha mvumo. Weka bendi ya upana wa wastani (Q, namba ya upana wa bendi, iwe kama 2), ipandishe desibeli 6, kisha itelezeshe polepole kutoka 150 hadi 500. Panapovuma kuliko jirani zake, geuza: punguza desibeli 3. Usipandishe desibeli 15 kwa bendi nyembamba, kwa sababu kila mahali patasikika pabaya, nawe utatoboa matundu mpaka sauti ikonde.

Fanya hivyo wimbo wote ukipiga. Ule usiku wangu uliishia kwenye kitufe cha Solo, kinachokusikilizisha traki moja tu: nilisafisha kila traki peke yake ikapendeza, nilipoziunganisha zikagombana upya. Tope linaloifunika sauti moja mara nyingi limo kwenye traki nyingine. Kwa mwalimu yule lilikuwa kwenye kinanda, karibu na hezi 280. Tulipunguza desibeli 4 pale, sauti ya tatu hatukuigusa hata kidogo, na tukaanza kuwasikia wakivuta pumzi kabla ya kiitikio.

Jambo jingine: sikio hupenda chenye sauti kubwa. Ukipunguza masafa, traki nzima inashuka, nawe utadhani umeiharibu. Rudisha kiwango cha kutokea kwenye ikwalaiza mpaka kilingane na cha mwanzo, kisha fumba macho, izime na kuiwasha mara kadhaa. Usipoweza kutofautisha, futa ulichofanya. Na ukijikuta unahitaji kupunguza zaidi ya desibeli 6 kwenye sauti ya mtu, huenda maikrofoni ilikuwa karibu mno na mdomo, jambo linaloongeza besi. Kama waimbaji wapo, warekodi tena wakiwa wamesogea nyuma.

Hatua ya 4. Maneno yasipoeleweka bado, ongeza desibeli 1 au 2 karibu na kilohezi 3. "S" zikichoma, punguza kati ya kilohezi 6 na 8.

Hatua ya 5. Sikiliza kwenye simu, kisha kwenye gari. Gita la besi litapotea kwenye simu, maana spika ile ndogo haitoi masafa ya chini. Usipandishe besi, ongeza kidogo karibu na hezi 800 kwenye traki ya gita hilo, uzisikie nyuzi zikichunwa. Mwalimu alisikilizia simu yake akiwa amesimama mlangoni, akairudisha nyuma mara mbili sehemu ya sauti ya tatu, ndipo akaniomba nimwekee kwenye flashi.