Gurudumu Likigoma Kutoka: Safisha Habu Kabla ya Baridi

Nati zote tano nilikuwa nimeshazifungua, nimezitia kwenye kofia zisipotelee thelujini. Gurudumu halikutikisika. Nilivuta, nikasukuma, likabaki vilevile kana kwamba limechomelewa. Pancha ya dakika ishirini ilinishikilia barabarani saa mbili nzima, kwa baridi ya kukata masikio.

Sisi tuliokulia kusiko na theluji, jambo hili hutukuta bila kulitarajia. Katika nchi za baridi, chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Maji ya chumvi yakipenya kati ya rimu ya alumini, zile rimu za spoti, na habu ya chuma, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri. Alumini huliwa na kugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe. Unga huo hujaa kwenye tundu la katikati la rimu, kutu ya habu nayo ikaubana.

Kwa hiyo vua magurudumu yote manne angalau mara moja kwa mwaka. Ukiwa na matairi ya baridi na ya kiangazi, nafasi unazo mbili. Chukua brashi ya waya, sugua ule mdomo wa habu, duara lililochomoza katikati, unaobeba rimu mpaka chuma king'ae, kisha sugua tundu la rimu, taratibu kwa sababu alumini ni laini. Futa vumbi lote. Pakaa grisi ya kuzuia kugandana, ya seramiki, kwenye mdomo ule tu, nyembamba kama unavyopaka mafuta midomoni. Isiguse diski ya breki. Kwenye nati na bolti usipake kabisa: zikiteleza utazikaza kupita kiasi.

Kaza nati kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ukienda kimshazari, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kama gurudumu limeshaganda, rudisha nati zote, ziache zimelegea kidogo, shusha jeki, kisha sogeza gari polepole mbele na nyuma nusu mita. Mara nyingi uzito wa gari hulibandua. Usiligonge kwa nyundo, na katu usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Ukimwachia fundi kazi ya kubadilisha matairi, mwombe waziwazi asugue habu. Penye foleni ya wateja, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa.