Uchumi mwaka wa kwanza na hesabu zinakusumbua? Anza na bakuli la urojo

Nyie mloingia chuo na HGL au HKL (michepuo ya sanaa kidato cha tano na sita), hesabu mara ya mwisho mlizishika kidato cha nne, msikimbilie kukariri fomyula za kudifarenshieti. Shika daftari na kalkuleta ufanye hivi.

Mfikirie muuza urojo Forodhani, Zanzibar (namba nimezitunga mie, ila hesabu ndo ile ile ya mtihani). Akiuza bakuli Q kwa usiku bei inakuwa P = 4000 − 20Q, yani akitaka kuuza bakuli moja zaidi inabidi ashushe shilingi 20 kwa kila mteja. Meza na mkaa 30,000 hata asipouza kitu, halafu kila bakuli 1,000, mbatata bajia embe ukwaju vyote humo.

Piga kwa mkono kwanza. Bakuli 74 kwa 2,520 anapata 186,480. Bakuli 75 kwa 2,500 ni 187,500, na 76 kwa 2,480 ni 188,480. Sasa toa: la 75 limemuongezea 1,020, la 76 limemuongezea 980. Hapa tulia, ndo wengi wanapopotea, wanasema la 76 si limeuzwa 2,480 mbona limeongeza 980 tu? Kwa sababu wale 75 wengine kila mmoja kapunguziwa 20, hiyo 1,500 ishaondoka, 2,480 kutoa 1,500 ndo hiyo 980. Ukilishika hili wallahi topiki yote inakuwa nyepesi, ushajua kwa nini mapato ya ziada (kile bakuli moja zaidi linachoongeza) yako chini ya bei.

Sasa ndo udifarenshieti. Mapato ni 4000Q − 20Q², kipeo kinashuka kuzidisha halafu kinapungua moja, unapata 4000 − 40Q. Weka 75, inatoka 1,000, katikati ya 1,020 na 980! Derivativu ni kule kutoa kwako kule kule, ila badala ya kuongeza bakuli zima unaongeza kidogo mno.

Gharama ya ziada ni 1,000, ile 30,000 inafutika kwa sababu haibadiliki. Bakuli likiingiza zaidi ya linavyogharimu aongeze, likiingiza pungufu asiliuze, kwa hiyo kikomo ni pale viwili vinapolingana. Sawazisha 4000 − 40Q = 1000, Q ni 75, faida 187,500 − 75,000 − 30,000 = 82,500. Usiishie hapo, jaribu 74 na 76, zote zinatoa 82,480, basi kweli uko kileleni. Derivativu ya pili (hiyo 4000 − 40Q ukiidifarenshieti tena) ni −40, hasi, nayo inasema hivo hivo.

Na kwenye grafu bei inakaa mhimili wa wima, tangu enzi za mchumi Alfred Marshall huko Uingereza, hata pale bei ndo inayoamua watu wanunue ngapi, kinyume na tulivozoea skuli kwamba kinachoamua kinakaa mhimili wa mlalo, kwa hiyo andika majina ya mihimili kabla hujachora chochote.

Ukimaliza pandisha gharama ya bakuli iwe 1,200 ufanye mwenyewe bila kuchungulia huku juu. Jibu bakuli 70 kwa 2,600. Halafu irudishe 1,000, meza na mkaa ifanye 50,000, ikibaki 75 uniambie kwa nini.